Baba yangu alimcha Mungu, na deni akaacha

Bwana asifiwe! Haya kaeni wapendwa, na nyie wa nyuma sogeeni viti vipo, leo hamna sadaka ya pili msiogope.

Kwanza niseme mapema mi sio mchungaji. Mi ni mhasibu, na miaka 22 nimekaa upande ule wa meza ambao watu wanauletea maombi ya mkopo, kwa hiyo ninachojua kuhusu misimu ya maisha nimekijua kwa kuangalia makaratasi ya watu. Mtu anaolewa, anakuja. Anapata mtoto, anakuja. Anaachishwa kazi, anakuja anatetemeka mikono. Anakufa, anakuja mkewe. Na huyo mkewe ndiye anayenifanya nisimame hapa leo, kwa sababu mara nyingi sana namuuliza mama mumeo alikuwa na akaunti ngapi, ananiangalia tu, hajui. Alikuwa anadaiwa na nani? Hajui. Wameishi miaka 30, wamesali pamoja kila jioni, hajui.

Andiko langu ni fupi, 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia anaumwa, anaumwa kwelikweli, na Isaya nabii anaingia chumbani kumpa ujumbe kutoka kwa Mungu. Ukipiga hesabu utaona alikuwa na miaka kama 39 hivi, maana alianza kutawala akiwa na 25, akatawala 29, na 15 za mwisho ndizo zile alizoongezewa baada ya huu ugonjwa. Miaka 39, sio mzee hata kidogo. Na Isaya anamwambia tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa. Mnaona? Mungu angeweza kumwambia aombe, afunge, atubu. Neno la kwanza alilotuma kwa mtu anayekufa ni kwamba nyumba yako kuna mambo hujayaweka sawa. Mi nilisoma hilo andiko miaka mingi nikikimbilia sehemu ya muujiza, ile ya kugeukia ukutani na kulia na kivuli kurudi nyuma, sikuwahi kusimama kwenye mstari wa kwanza.

Nilisimama hapo baba yangu alipofariki.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu ambaye akisema nakuombea anakuombea kweli, ukipita usiku unamsikia. Siku ya tatu baada ya mazishi, bado tumekaa na wageni, akaja mtu na bahasha, mtu mstaarabu tu, amevaa vizuri, akamsalimia mama kwa heshima akampa pole halafu akatoa karatasi yenye sahihi ya baba. Baba alikuwa amemdhamini mtu. Sio yeye aliyekopa, alimdhamini rafiki yake, yule rafiki alikuwa ameshaacha kulipa na hapatikani kwenye simu, na deni lilikuwa sawa na mishahara 14 ya mama. Kumi na nne! Na mama hakuwa anajua chochote, wala mimi ambaye ndio mhasibu wa familia, si mnaona aibu hiyo, mimi ambaye nawashauri watu mchana kutwa sikuwahi hata siku moja kumuuliza baba yangu mzazi swali moja la hela. Kwetu kuuliza kungeonekana nasubiri afe.

Mithali sura ya 6 mistari mitano ya kwanza inaongea na mtu aliyejifunga kwa kumdhamini mwenzake, inamwambia nenda ukajitoe, usilale usingizi, jinasue kama paa anavyojinasua kwa mwindaji. Biblia haitumii lugha ya namna hiyo kwenye kila kitu. Baba aliisoma Mithali nzima sijui mara ngapi. Ila alikuwa na moyo mzuri na hakuweza kusema hapana, na ule moyo mzuri aliulipia mama. Aliulipia miaka minne.

Sasa naomba mnielewe, sisemi baba alikuwa mnafiki. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo maana kuna mjane mwingine kwenye Biblia ambaye hatumhubiri vizuri.

2 Wafalme 4. Mwanamke anamlilia nabii Elisha, anasema mume wangu amekufa, na wewe unajua alikuwa anamcha Bwana. Alikuwa mmoja wa wana wa manabii, yaani kwa lugha yetu huyu ni mtumishi, huyu ni mtu wa madhabahu. Na sentensi inayofuata inasema mwenye kutudai amekuja kuwachukua wanangu wawili wawe watumwa. Mcha Mungu, deni, watoto kuchukuliwa, yote kwenye mstari mmoja! Sisi huwa tunaruka tunaenda kwenye mafuta na vyombo, tunapiga makofi. Lakini kabla ya mafuta kuna mtu aliyempenda Mungu kwa moyo wote na akawaacha watoto wake wawe dhamana ya deni lake, na ucha Mungu wake haukulilipa lile deni. Hiyo ndiyo habari niliyokuja nayo leo. Unaweza kuwa umeokoka kabisa, jina limeandikwa mbinguni, na hapa duniani jina lako limeandikwa kwenye karatasi ambayo mkeo hajawahi kuiona.

Na mwangalie Elisha alivyomaliza ile kazi. Mafuta yamejaa vyombo, mama anarudi kuuliza nifanyeje, anaambiwa nenda kauze mafuta, ulipe deni lako, kisha wewe na wanao mwishi kwa kilichobaki. Uza, lipa, ishi. Deni kwanza halafu ndio maisha. Hata muujiza ulifuata utaratibu wa mhasibu, samahanini lakini ndio ukweli.

Haya deni. Nitasema kidogo tu halafu nitaachana nalo maana watu wanaanza kuangalia chini. Kuna mikopo ile ya haraka haraka, unaombwa asilimia 10 kwa mwezi, mtu anasema aa kumi tu. Kumi kwa mwezi usipolipa na riba ikawa inazaa riba, mwezi wa nane umeshadaiwa zaidi ya mara mbili ya ulichochukua na mwisho wa mwaka unadaiwa mara tatu na kitu. Mithali 22:7 inasema mkopaji ni mtumwa wa mkopeshaji na wengi tunadhani ni mafumbo, waulizeni wale watoto wawili kama ni mafumbo. Sisemi kila mkopo ni dhambi, mi nimekula mshahara wa mikopo miaka 22 nikisema hivyo mtanicheka. Nasema mkopo unaoingia nao kwenye msimu mpya ndio hatari. Unaingia kwenye ndoa na deni la harusi. Unastaafu na deni la gari. Msimu mpya una gharama zake wenyewe, unaukuta mzigo wa msimu ule mwingine umeshakaa mlangoni unakusubiri.

Sasa kuna mtu hapa moyoni anasema, lakini Yesu si alisema msisumbukie ya kesho? Mathayo 6:34. Naipenda hiyo hoja kwa sababu watu wanaoitumia sana ni wale ambao hawajaweka kitu, sijawahi kumsikia mtu mwenye akiba akiisema, hahaha. Ila tuijibu vizuri, tusiidharau.

Nendeni Kutoka 16, habari ya mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani. Mungu anawaambia okoteni ya siku, msibakize mpaka asubuhi. Wengine wakabakiza, ikaota mabuu ikanuka. Hapo tunasema amina, Mungu hataki tuweke. Subiri sasa. Siku ya sita wanaambiwa okoteni mara mbili, mwekeni ya kesho, kwa sababu kesho ni Sabato hakutakuwa na kitu kondeni. Wakaweka na haikunuka wala haikuota mabuu. Mana ile ile, chombo kile kile, watu wale wale! Tofauti ni nini? Siku ya kwanza waliweka kwa sababu hawakuamini kwamba kesho Mungu atatoa. Siku ya sita waliweka kwa sababu Mungu mwenyewe alishawaambia kesho haitatoka kama leo. Kesho ya Sabato ilikuwa inajulikana. Na ndugu zangu misimu mingi ya maisha inajulikana. Uzee unajulikana, kila mtu akiishi anauona, tarehe yako ya kustaafu imeandikwa kazini unaifahamu kuliko birthday ya mkwe wako. Mimba ina miezi tisa ya taarifa. Ada ya mtoto anayezaliwa leo unajua kabisa itaanza mwaka gani. Hii ni siku ya sita, na mtu anayeamka siku ya saba anaenda kondeni na kikapu kitupu halafu anasema namwamini Mungu, Biblia inasema wapo walioenda siku ya saba, mstari wa 27, hawakuona kitu. Mungu hakuwahurumia kwa kuwadondoshea kidogo.

Kwa hiyo swali lako usiulize niweke au nisiweke. Jiulize ninaweka kwa sababu gani. Yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala ajenge kubwa zaidi, ukimsoma kila kitu ni changu changu changu, mazao yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Hamna mke mle ndani, hamna mtoto, hamna maskini. Alipanga vizuri tu kihesabu. Halafu swali la Mungu kwake ni hivyo ulivyoweka vitakuwa vya nani? Hilo nalo ni swali la mirathi jamani, na hakuwa na jibu.

Tuje kwa Yusufu maana hatuwezi kuongea akiba bila Yusufu, ila nataka niwaonyeshe kitu ambacho huwa hakisemwi. Mwanzo 41 anamwambia Farao tuchukue sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka 7 ya shibe. Sehemu ya tano ni asilimia 20. Sasa mi kazi yangu ni hesabu, asilimia 20 mara miaka 7 ni mavuno ya mwaka mmoja na kama miezi mitano, basi. Na inatakiwa ibebe miaka 7 ya njaa. Ni kweli mavuno ya ile miaka yalikuwa makubwa kupita kawaida, lakini hata hivyo hakuna namna wale watu wangeendelea kula kama walivyokula kwenye shibe. Yusufu hakuweka ili maisha yabaki yale yale. Aliweka ili watu wasife. Watu wananiambia mi siwezi kuweka akiba ya dharura maana ukisema miezi mitatu mpaka sita ya matumizi ni hela nyingi mno, na ukiangalia wamepigia hesabu matumizi yote, na mtoko, na nguo, na vifurushi. Hapana. Piga hesabu ya kodi, chakula, dawa, nauli na ada, hiyo tu. Hiyo ndiyo namba yako, zidisha kwa tatu uanze nayo, uiweke kwenye akaunti ambayo kadi yake hutembei nayo. Ikifika tatu nenda sita. Itakuchukua miaka miwili, sawa, Yusufu ilimchukua saba.

Na someni pia Mwanzo 47 waliokuwa hawana akiba yao wenyewe ilikuwaje. Kwanza hela zikaisha. Kisha wakaleta mifugo. Kisha wakasema hatuna tena ila miili yetu na ardhi yetu. Hela, mifugo, ardhi, mwili. Ni mpangilio ule ule ninaouona mezani kwangu, miaka 22 haujawahi kubadilika.

Ndoa na watoto nitapita haraka maana vijana wana semina yao mwezi ujao. Niseme tu mnaoposana mwambiane madeni kabla ya pete. Na kwa wenye familia tayari mkumbuke Yakobo, amemtumikia mkwe wake Labani miaka 14, ana watoto 11 wa kiume na binti mmoja, ndio Mwanzo 30:30 anauliza, na mimi nitaiangalia nyumba yangu lini? Watoto kumi na mbili ndio anauliza! Msisubiri huko.

Mshahara ukipanda je? Huo nao ni msimu na unaua kimya kimya. John Wesley, yule ambaye Wamethodisti walitokana naye, alipokuwa Oxford mwaka mmoja alipata paundi 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa 28 zile zile akatoa 32. Ukaja mwaka wa paundi 90, bado akaishi kwa 28. Sisi mshahara ukipanda Januari ikifika Machi hatujui umeenda wapi. Sikwambii uishi kama Wesley, hakuwa na watoto wakati ule na hakuwa analipa ada, nakwambia tu kwamba kwenye kila nyongeza kata nusu kabla hujaizoea. Kitu ambacho hujakizoea hakiumi kukikosa. Paulo aliwaambia Wakorintho, 1 Wakorintho 16:2, siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke kitu akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake ili mchango usianze kutafutwa yeye akishafika. Ilikuwa ni kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, ndio, lakini utaratibu ni ule ule, siku maalumu, kila wiki, kabla ya shida kugonga mlango.

Bima. Najua hapa nagusa moto. Nimeambiwa na wapendwa kabisa kwamba bima ni kukosa imani, ni kujitabiria mabaya. Haya nisikilizeni. Mwaka 1744 kanisa la Uskoti, wachungaji wa Kipresbiteri, walikuwa na shida, mchungaji akifa mkewe na watoto wanatolewa nyumba ya kanisa na mshahara umekatika, wanabaki kuomba omba. Wachungaji wawili, Alexander Webster na Robert Wallace, wakakaa chini na madaftari wakahesabu. Kanisa lilikuwa na wachungaji kama 930, wakaona kwa wastani kila mwaka wanakufa 27, na kati ya hao 18 wanaacha wajane. Wakamshirikisha Colin Maclaurin, mtu wa hisabati, kupima kama mahesabu yanasimama, wakapanga kila mchungaji achange kiasi kila mwaka, zile hela ziwekezwe, na mjane alipwe. Ndio mojawapo ya mifuko ya kwanza duniani ya namna hiyo iliyojengwa kwa hesabu sahihi, na waliobuni ni watumishi wa Mungu waliochoka kuzika wenzao halafu kuwaangalia wajane wao wakidhalilika. Hawakujua nani atakufa. Hakuna aliyetabiriwa. Walijua tu kwamba 27 watakufa na wakakataa kujifanya hawajui. Mi kila nikisikia bima ni kukosa imani nawakumbuka wale wachungaji wawili na madaftari yao. Ila nawe soma mkataba kabla ya kusaini, hasa yale maandishi madogo ya vitu wasivyolipa, na kama una watoto wadogo uliza ile bima ya maisha ya muda maalumu, huwa ni rahisi kuliko zile za kuchanganya na akiba.

Sasa wazazi. Hapa naomba msinikasirikie.

Marko 7, Yesu anawavaa Mafarisayo kwa kitu kinaitwa korbani. Mtu anamwambia baba yake au mama yake, kile ambacho ningekusaidia nacho nimeshakitoa wakfu kwa Mungu. Yaani anatumia sadaka kuwakwepa wazazi, na viongozi wa dini wanamwambia sawa kabisa. Yesu anasema mmelitangua neno la Mungu. Sasa nimewahi kukaa na mtu mezani, anatoa ahadi kubwa za jengo, jina linatangazwa, na mama yake mzazi analipiwa dawa na jirani. Wachungaji mliopo hapa mnisamehe lakini na nyie mna kazi, muumini akileta ahadi kubwa muulize nyumbani kukoje. 1 Timotheo 5:8 haijapindapinda maneno, asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini.

Na upande wa pili wake tuseme pia, maana wapo vijana hapa wamebana pumzi. Mzazi naye ana wajibu asiwe mzigo kwa makusudi. Paulo kasema kwenye 2 Wakorintho 12:14 si watoto wanaopaswa kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi kwa watoto. Kumsomesha mtoto ukampa kila kitu halafu ukasema yeye ndio pensheni yangu ni kumpa kazi ambayo hakuomba. Naye ana watoto wake. Kaeni muongee mapema, mtaumia kidogo kwenye mazungumzo lakini ni afadhali kuliko kuumia hospitalini mkigombana nani analipa.

Kustaafu. Watu wanasema Biblia haina kustaafu. Ipo, Hesabu 8, Mlawi, yaani mtu wa kabila la Lawi lililohudumu kwenye hema la ibada, anaanza kazi ya hema akiwa na miaka 25 na akifika 50 anaacha ile kazi nzito. Lakini hafukuzwi, imeandikwa atahudumu pamoja na ndugu zake, anabaki kulinda na kusaidia. Na alikuwa anaishi wapi? Walawi hawakupewa urithi wa ardhi kama makabila mengine, ila waliandaliwa miji 48 na malisho kuizunguka. Kwa hiyo siku anapoacha kazi ana pa kulala na ana mbuzi. Mi nimeshaona watu wanapokea kiinua mgongo ndio wanaanza kutafuta kiwanja, na zile hela wiki mbili za kwanza kila mtu anazijua, shemeji ana wazo la biashara, mpwa ana wazo la biashara, mtu mlisoma naye darasa la nne amekukumbuka ghafla ana wazo la biashara. Ushauri wangu ni kwamba hela ya kustaafu ikae miezi sita bila kufanya chochote kipya. Iweke mahali salama utulie ujifunze kuishi bila kuamka saa 11. Na usisahau bei za vitu zinapanda, zikipanda asilimia 6 kila mwaka basi baada ya miaka 12 ile hela inanunua nusu ya inachonunua leo, kwa hiyo kuzificha zote chini ya godoro nako ni kuziacha ziliwe na panya asiyeonekana.

Haya, narudi kwenye lile la Hezekia, mambo ya nyumba. Nimeongea hela lakini wajane wengi niliowaona tatizo lao hata sio kwamba hela haikuwepo. Ilikuwepo. Walikosa kujua. Chukua karatasi, kwa mkono wako, andika akaunti zote na benki zake, andika unaowadai na wanaokudai, hata kale kadeni kadogo ka aibu, andika uliowadhamini. Andika bima, mfuko wa pensheni, hati ziko wapi, nani ana ufunguo. Namba za siri usiandike humo ila huyo mtu wako ajue zinapatikanaje. Halafu nenda kaangalie jina la mrithi kwenye fomu za pensheni na bima, maana mtu alijaza akiwa kijana akamwandika kaka yake, ameoa, ana watoto wanne, kaka bado yumo. Na sehemu nyingi lile jina la kwenye fomu lina nguvu hata kuliko wosia, kaulizeni sheria za mnapoishi. Wosia nao uandikwe na ushuhudiwe kama sheria inavyotaka. Abrahamu, Mwanzo 25, aliwapa wale watoto wengine zawadi zao akiwa bado hai, akawatuma mbali na Isaka, alijua akinyamaza patachimbika.

Hezekia baadaye aliongezewa miaka 15. Tunashangilia hapo na kufunga Biblia. Endeleeni kusoma sura hiyo hiyo. Wanakuja wageni kutoka Babeli, anawaonyesha hazina yote, fedha, dhahabu, silaha, hakuna kitu hakuwaonyesha. Wageni wa mbali wakajua mali za ile nyumba zikoje! Isaya anarudi anamwambia siku zinakuja hivi vyote vitabebwa kwenda Babeli, na baadhi ya wanao watachukuliwa. Na Hezekia anajibu neno la Bwana ni jema, kwa sababu alijisemea, si kutakuwa na amani katika siku zangu? Siku zangu. Mtu aliyeambiwa atengeneze nyumba yake, akapewa miaka 15 ya kuitengeneza, anasikia watoto watachukuliwa na anashusha pumzi kwamba yeye atakuwa hayupo. Na mtoto wake Manase alianza kutawala na miaka 12, maana yake alizaliwa ndani ya hiyo miaka ya nyongeza. Mi nikisoma hapo huwa namfikiria baba. Sidhani aliwahi kusema hivyo, hakuwa mtu wa hivyo, ila kutokusema kitu kulitupeleka pale pale.

Maswali matatu tu maana muda umeisha.

Wa kwanza kauliza fungu la kumi nitoe kabla au baada ya kulipa deni. Ndugu yangu hilo kaongee na mchungaji, ila nakwambia usikope ili utoe.

Wa pili kauliza mume wake akikataa kuongea habari za hela afanyeje. Anza wewe dada. Andika ya kwako, mpe asome, umwambie nikifa kesho haya ndiyo utakayoyakuta. Mara nyingi mwanaume akiona karatasi yako anatafuta kalamu, asipotafuta, mlete mtu anayemheshimu.

Wa tatu alikuwa bibi mmoja wa safu ya pili, alisimama kwa shida kidogo, akasema mwanangu mi nina miaka zaidi ya 70, sina akaunti, sina pensheni, sina nyumba, sasa mambo yangu ya kutengeneza ni yapi? Nikamuuliza shikamoo bibi, kuna mtu anakudai? Akanyamaza. Akasema yupo mmoja, wanangu hawamjui. Nikamuuliza wanao wako hapa? Akageuka, akamnyooshea kidole mwanaume mmoja kule mlangoni aliyekuwa amesimama na mtoto begani, akamwita kwa jina akamwambia njoo ukae hapa, kuna kitu nataka kukuambia.